Bangili Nyeusi za Wifi

Hakuna mwizi aliyewahi kumponyoka Inspekta Kijiti. Haya basi, wawili, na mmoja wao alikuwa mbuzi.

Siku hiyo hata kazini hakuwapo. Alikuwa likizo na mkewe, mwalimu wa kemia, kwenye ziwa lililojaa ndani ya kasoko ya volkeno, na katikati yake kisiwa kinachofuka mvuke kama birika. Walikuwa wamepanda kilima cha kisiwa pamoja na familia moja ya maharusi. Kitambi cha Kijiti kilikuwa kimekwisha kuingia bwawa la maji moto, mwenyewe yuko nyuma anakifuata, bi harusi alipopiga yowe kwenye kibanda cha kubadilishia nguo.

"Mkufu wangu! Mkufu wa dhahabu alionipa mama mkwe!"

Mkoba ulikuwa wazi. Mkufu hakuna.

Bwana harusi akamkwida nahodha wa boti. "Wewe ndiye uliyebeba mikoba!"

"Niliiweka, nikashuka kujilaza kwenye nyasi," nahodha akasema, jasho likimtiririka. "Mzee, nikirudi gatini na jina la mwizi, leseni imekwenda. Wanangu watakula nini?"

"Mwachie," Kijiti akaamuru, akijifunga taulo kwa heshima zote za serikali.

"Uliniahidi likizo," mkewe akanong'ona.

"Si ndiyo hii? Nauliza tu."

Akampekua nahodha mpaka ndani ya viatu. Hakuna kitu. Wakateremka wote ufukweni. Botini alikuwamo dada wa bwana harusi, amenyoosha mguu juu ya kiti.

"Dada, ulikuwa wapi?" Kijiti akauliza.

"Hapahapa. Mguu unaniuma, ningepandaje kilima kile?"

"Hukufika juu kabisa?"

"Hata nusu ya njia. Ila huyo nahodha nilimwona akipanda tena, ananyata kama paka anayeingia jikoni."

"Muongo mkubwa wewe!" nahodha akafoka.

Kijiti akazungusha pete yake ya fedha kidoleni. Akaitazama. Akaitazama tena. Asubuhi ilikuwa nyeupe, sasa nyeusi kama masizi.

"Mke wangu, pete imepatwa na nini?"

"Kumbe ni fedha kweli! Miaka yote nilidhani walikuuzia bati. Ule mvuke wa juu una salfa, si ulisikia unavyonuka mayai viza? Ukigusa fedha, unaipaka weusi. Ona hata hereni za yule mama mkwe wa bi harusi."

"Na huku chini?"

"Upepo unaupeleka ng'ambo. Huku hata harufu haifiki."

Kijiti akamgeukia yule dada. "Hebu nyoosha mkono."

Mkono ukarudi nyuma ya mgongo.

"Nyoosha, mama. Siukati."

Bangili zake za fedha, ambazo wakati wa chai ya asubuhi zilimmulika mhudumu mpaka akamimina nje ya kikombe, zilikuwa nyeusi tii.

Dada akaanza kulia. "Mkufu ule ni wa bibi! Nani alimwogesha alipougua? Nani alimlisha kwa kijiko? Mimi! Halafu mama anampa mtu aliyeingia nyumbani juzi!"

"Ungesema, mwanangu," mama yake akasema.

"Nilisema. Ukaniambia nikatazame sufuria jikoni."

Mama akainamisha kichwa.

"Na nahodha wa watu, alikukosea nini?" Kijiti akauliza.

"Hakunikosea. Alikuwa karibu tu."

Bwana harusi akaanza kumnyoosha nahodha ukosi wa shati, taratibu, kama anaupiga pasi.

"Mkufu uko wapi?" Kijiti akamuuliza dada.

"Niliutumbukiza kwenye shimo la maji yanayochemka. Wallahi, hamtauona tena."

Bi harusi akapanda botini, akaketi karibu na dada. "Wifi," akasema kwa upole, "joto lote hili, skafu shingoni ya nini?"

Akaiinua pembe kwa kidole. Dhahabu ikawaka juani, haina hata doa.

Wifi akaushika mkufu kwa mikono miwili.

"Huu," akasema, "huu ni mwingine."