Mtoto Asiyewashwa

Usijifanye hukuona. Ulikuwepo pale kliniki ya Jiji la Tanurini, mkono wa chuma uliposhuka kutoka darini ukampachika kila mtoto mchanga kipozi kisogoni: kidude kama punje ya mtama, kinachozima maumivu kabla hayajafika ubongoni. Watoto wakaacha kulia. Nawe ukapiga makofi, ukasahau kwamba jiji hili linataka watu wa kusimama mbele ya matanuri bila kulalamika. Mimi sijasahau.

Siwema naye alishangilia, mpaka siku ya kumwachisha mwanawe Sudi ziwa. Alichuma pilipili kichaa alizopanda kwenye ndoo barazani, akaponda moja, akajipaka kifuani kama mama yake alivyofanya zamani. Yeye ilimwasha hadi machozi. Sudi akanyonya, akaramba midomo, akacheka.

"Dume hilo!" shoga yake Mashavu akadakia. "Limeishinda pilipili!"

Siwema alimfungua mtoto kinywa. Ndani kumebabuka, malengelenge matupu. Neva inayopokea ukali wa pilipili ndiyo hiyohiyo inayopokea moto. Kipozi kilikuwa kimeiziba.

"Ni uji wangu wa moto, Mashavu. Nimekuwa nikimuunguza, na kila kijiko ananichekea."

Akambeba hadi kliniki, kapu la pilipili mkononi.

"Kitoeni kipozi hiki, na vya watoto hawa wote."

"Akikosa kipozi hapati shule wala kazi," alijibu Daktari Kitwana. "Na hao wengine unaowapigia kelele, pilipili ya shamba yakuwashia nini?"

"Haiwawashi, daktari. Ndiyo maana nimekuja. Hebu tafuna wewe."

Kitwana akatafuna moja akitabasamu. Akatafuna ya pili. Ya tatu akaitafuna polepole, tabasamu limekwisha, mkono ukipapasa kisogo.

"Mimi sikupachikwa," alisema. "Nilikuja hapa kung'olewa jino tu. Nikalazwa usingizi..."

Foleni nzima ya akina mama ikasogea karibu. Kisha mikono ikaanza kuingia kapuni.

Daktari mwenyewe ndiye aliyeshika koleo. Kipozi kilipochomoka, Sudi alipiga yowe lililotikisa madirisha.

"Lia, baba," Siwema akamwambia, naye analia. "Lia wakusikie!"

Wewe je, bado umekaa? Ingia jikoni sasa hivi, ung'ate pilipili. Usipowashwa, papasa kisogo chako. Kisha mbebe mwanao, twende.