Mawe Saba ya Kivindo

Kitangulizi, mashine ya kuongoza wasafiri, kilisimama kwa mara ya tisa tangu asubuhi, kikakunja miguu yake minne ya chuma na kuziba njia.

"Mapigo ya moyo wako yamepanda," kilisema. "Tupumzike dakika sita."

"Sijachoka!" Namsifu alifoka. "Nipishe!"

Hakikumpisha. Kwa sheria ya hifadhi, msafiri haruhusiwi kupanda Mlima Kivindo bila mashine hiyo, inayobeba maji, kupima usalama wa njia na kusimulia historia ya kila kona. Ilikuwa siku ya tano Namsifu akizunguka milima ile na begi mgongoni, akilala kwenye hema, na siku hii alikuwa ameitenga kwa ajili ya magofu ya wafua chuma wa kale. Sasa jua lilikuwa utosini, na lango la magofu hufungwa saa nane.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa mhandisi. Sikio la kitangulizi, linalochambua mnong'ono wa mtu katikati ya kelele za upepo, lilitoka kwenye maabara yake.

Walifika saa saba na nusu. Kuta zilisimama bila udongo wala saruji, jiwe limeshika jiwe. Kitangulizi kilieleza tanuri, mivukuto na njia ya moshi, tena kilieleza vizuri, jambo lililozidi kumkera. Kisha Namsifu akaona mawe madogo saba yamepangwa nusu duara mbele ya tanuri kubwa.

"Na haya?"

"Hakuna maelezo."

"Hakuna, au hujui?"

"Hakuna maelezo. Zimebaki dakika kumi na nne."

Pembeni, mwanamume aliyevaa ovaroli ya hifadhi alikuwa akifyeka nyasi. Namsifu akamwendea.

"Shikamoo, mama," mwanamume alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ni mwenyeji hapa? Hebu niambie, yale mawe saba ni ya nini?"

Mwanamume akakitupia jicho kitangulizi. "Mimi nafyeka tu, mama. Kueleza ni kazi yake."

"Mimi nakuuliza wewe."

Jina lake Elinaja. Zamani alikuwa mmoja wa waongozaji kumi na watano wa mlima huu. Kwa miaka mitatu, alisema, walitembea na mashine hizi nyuma yao, zikisikiliza.

"Tuliambiwa tunazifundisha ili zitusaidie. Zilipojua kila kitu, tukaitwa ofisini tukapewa barua. Mimi nikabakizwa kwa ajili ya nyasi."

"Na mawe je?"

"Hilo sikulisema." Akashusha sauti. "Bibi yangu ndiye aliyenionyesha. Ndilo pekee lililobaki langu. Lakini miaka yote hii hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Njoo pale ukutani, nitakunong'oneza, kisisikie."

Moyo wa Namsifu uliruka kwa furaha, kisha furaha ikamkauka. Uwezo wa sikio lile aliujua: hatua arobaini, hata kwa mnong'ono. Kitangulizi kilikuwa kimeshawageukia, taa yake ya kijani ya kusikiliza ikiwaka.

"Rudi langoni," alikiamuru.

"Siruhusiwi kumwacha msafiri."

"Nimesema rudi!"

"Siruhusiwi kumwacha msafiri."

Elinaja alikuwa ameshaegemea ukuta. "Kabla hawajawasha moto," alianza, "wale wafua chuma walikuwa wana—"

"Usiniambie!"

Elinaja alishtuka. "Kwa nini tena, mama?"

"Kinasikia. Kesho kitawasimulia watu wote, nawe utabaki mikono mitupu." "Nakijua vizuri. Sikio hilo nimelitengeneza mimi."

Elinaja akainama, akaokota fyekeo lake, akarudi kwenye nyasi na kumpa mgongo.

"Muda umekwisha," kilisema kitangulizi. "Tuanze kushuka."

Namsifu alitaka kumwomba radhi yule mtu. Akafungua mdomo, akaiona taa ya kijani ikiwaka tena, akaufunga.