Sauti Iliyobaki Nje ya Diski

Spika zilikuwa zimechomolewa ukutani, Kagwe mwenyewe ndiye aliyezichomoa, na bado mtu alikohoa ndani yazo.

Aligeuka. Kibanda chake cha kuchomea CD, nyuma ya stendi ya Kitale, kilikuwa na kiti kimoja, na alikuwa amekikalia yeye. Mvua ya alasiri ilipiga mabati. Akauliza, "Nani?" halafu akajikasirikia kwa kuuliza.

Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya Sellah, mjane kutoka Lugulu, kule Bungoma. Alikuwa ameleta laptop ya marehemu mumewe, Wabwile, mkulima wa tumbaku aliyekuwa akiimba kanisani. Ndani mlikuwa na faili moja la aina ya zamani, lililobeba diski nzima: picha za shamba, na nyimbo zake.

"Mamake Wabwile haoni," Sellah alisema. "Simu hataki hata kuguza, lakini redio yake ya CD anaijua kila batani kwa kidole. Tangu tumzike Wabwile hali chakula. Anasema akisikia ile sauti, atakula. Na hakuna kopi ingine, fundi."

"Mama, mimi si wale wa kudanganya watu. Ikishindikana, nitakwambia imeshindikana."

Kagwe alilihamisha lile faili kutoka kwenye laptop hadi kompyuta yake, lakini mashine ya kuchomea ikalikataa. Akatukana, akaligeuza kuwa ISO, aina ya faili ambayo mashine haikatai, kama alivyozoea kugeuza video za arusi na matanga, kisha akafuta lile la zamani, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imejaa na ndivyo alivyofanya kila mara. Akachoma CD, akaifungua kuijaribu. Picha zilikuwemo zote: Wabwile amesimama katikati ya tumbaku, mdomo wazi. Wimbo hata mmoja haukuwemo.

Hapo akakumbuka jambo alilolijua miaka yote. ISO hubeba mafaili tu. Nyimbo zilizopangwa kwa ajili ya redio ya CD si mafaili, haziingii humo, zinaachwa nje. Akajaribu kufufua alichofuta, akapata takataka.

Akachomoa spika, asisikie hata mlio wa kosa lake. Ndipo kilichoachwa nje kikakohoa.

"Kagwe, siku hizi una mgeni?" aliuliza Chelagat, muuza chai wa mlango wa pili, siku chache baadaye, akinong'ona. "Ukienda choo kuna mwanaume anaimba humu. Na kunanuka tumbaku mbichi."

"Ni redio."

"Redio haiulizi mtu, 'Nikae wapi?' Hilo ni jini, bana."

"Majini ni ya Pwani."

"Na wazazi wako si ni wa Nyeri, na wewe uko Kitale? Jini nalo nani amelikataza kuhama?"

Kagwe alirudi ndani. Alifunga mlango, akakaa, na harufu ikaja kwanza, ile ya majani yaliyotundikwa kukauka, halafu sauti ikafuata, mara kwenye spika, mara kwenye mabati, mara nyuma ya shingo yake, karibu kiasi kwamba nywele zilimsimama, ikiuliza polepole kama mtu aliyefika kwao akakuta nyumba imebomolewa, nikae wapi, nikae wapi, na Kagwe, ambaye tangu Waruguru mkewe afariki hakuna mtu aliyemuuliza neno lolote ila bei, aliona machozi yanamtoka, akajisikia akijibu kabla hajafikiri, "Kaa basi. Kaa hapa na mimi."

Kibanda kikanyamaza. Ulimini mwake mkaja uchungu wa tumbaku.

Hakumwambia mtu. Akachukua laptop na CD isiyo na sauti, akaenda Lugulu kusema ukweli, maana hilo ndilo jambo pekee aliloweza kujivunia.

Sellah alimpokea mlangoni. "Umeleta?"

Kagwe alitikisa kichwa kukataa. Akaona heri aseme mara moja, mbele ya mama mwenyewe. Bibi kizee alikuwa ameketi kando ya jiko, mikono mapajani, sahani ya ugali imefunikwa pembeni, imepoa. Kagwe akapiga magoti. Alitaka kusema: Mama, nimepoteza sauti ya mwanao. Akafungua mdomo.

"Mama," ikasema sauti ya Wabwile. "Ni mimi."

Bibi akanyoosha mkono, akapapasa hewa mpaka akaushika mkono wa Kagwe. "Wabwile, mwana wangu. Umechelewa."

Kagwe alijaribu tena. Alijaribu kusema jina lake, kusema Kitale, kusema hapana, na kila neno lilipofika mdomoni liligeuka wimbo wa kanisani, mzuri, wa mtu mwingine, nao bibi akautikisia kichwa, akavuta sahani kwa mkono wa pili, akamega ugali baridi, akatia kinywani.

Kagwe akamtazama Sellah, macho yakimsihi. Sellah akaurudisha mlango taratibu, akaweka komeo.

"Usinyamaze," alinong'ona. "Anakula."