Masanduku Manane ya Siga

SAA 4:40 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha bucha la Kapsoit kilinuka damu na sabuni. Gibson Chepyegon alifuta meza kwa kiganja, akachora kwa chaki: barabara, ua wa miti, nyumba ya meneja wa shamba la chai.

"Mzungu ako Nairobi mpaka kesho. Saa nane mvua ya mawe inakuja, kama jana, kama juzi. Mabati italia. Mlinzi atajificha kwa kibanda. Hapo ndio tunaingia."

Mogaka, dereva, aliufuata mchoro kwa kidole. Alikuwa mtu wa maneno machache na woga mwingi, ila usukani aliujua.

Wa tatu alikuwa Onyiego. Miaka tisa alikuwa fundi wa mashine ya kukausha chai, mpaka kiwanda kilipompunguza. Leo alihitajika kwa sababu mali yenyewe ilitaka mkono wa fundi: siga, zile sigara nene za Kuba, masanduku manane ndani ya kabati la mbao ya mwerezi.

"Rudia maneno ya dadako Phanice," Gibson alisema.

"Siga si chai. Chai tunakausha mpaka ilie mkononi kama majani makavu. Siga ikilia, imekufa. Inataka unyevu wake, vile iko kwa kabati. Ikikauka inaungua mbio na kuchoma ulimi. Ikilowa inaziba, haivutiki."

"Na Alexander atajua?"

"Atavuta moja mbele yetu."

Alexander ndiye mnunuzi, mtu wa Nakuru. Sauti yake ilikuwa ya upole, na aliyemdanganya mara ya mwisho aliokotwa msituni Tinderet. Safari hii alitaka rehani. Phanice, aliyefanya kazi katika nyumba ya meneja na kulitunza kabati hilo miaka mitatu, ndiye aliyempelekea siga ya kuonja. Basi Phanice akae naye Londiani hadi mzigo ufike. Tangu saa tatu alikuwa hotelini huko, katikati ya wanaume wawili. Mali ikiwa mbaya, hatoki.

Phanice na Onyiego walikuwa wa tumbo moja, wawili tu waliobaki.

"Masanduku yaliyofungwa yalikuwa kumi na sita," Onyiego alisema. "Phanice anasema manane ilipotea miezi miwili iliyopita. Mlinzi wa zamani akafutwa bure."

"Hiyo ni ya wenyewe," Gibson alisema, akafuta chaki.

SAA 8:10 MCHANA

Mvua ilikuja kwa wakati wake. Mawe yaligonga mabati hadi mtu hakusikia hata kikohozi chake. Gibson alivunja dirisha la stoo kwa nyundo. Wakaingia.

Kabati lilikuwa sebuleni, refu kama jeneza lililosimamishwa. Onyiego aling'oa bawaba. Harufu tamu ya mbao ikamjia usoni. Ndani palikuwa na kibakuli cha maji, sponji, na kijisaa cha kupimia unyevu. Mshale ulisimama kwenye sabini.

Masanduku manane, yote yamefungwa. La tisa lilikuwa wazi, lile mzungu alilokuwa akitolea siga za kuvuta. Phanice alisema hilo liachwe. Onyiego alichukua siga moja humo, akaibonyeza. Ikabonyea, ikarudi. Akaitia mfuko wa shati. Mkono wa mwizi haujui likizo.

Akayafunga manane kwa plastiki pamoja na kitambaa kibichi, akayatia guniani.

"Dakika tisa," Gibson alisema. "Toka!"

Walikimbia katikati ya michai, mawe yakiwapiga mabega. Walipofika kwenye pikapu, shati la Onyiego lilikuwa limeshikana na ngozi.

SAA 9:15 ALASIRI

Walisimama Kapsoit. Gibson alibeba gunia hadi chumba cha nyuma.

"Naongeza plastiki. Gari ya Mogaka inavuja."

Alirudi nalo upesi, akalirusha nyuma ya pikapu. "Nyinyi tangulieni. Mimi nitakuja na gari ingine, nione kama karao wa polisi wanawafuata."

Ulikuwa mpango mzuri. Onyiego alimshukuru, maskini.

SAA 10:25 JIONI

Walikaribia njia panda ya Londiani. Mvua ilikuwa imebaki nyuma, jua likatoka, na Onyiego akafungua dirisha lililokuwa nyuma ya kiti. Harufu ikaingia.

Haikuwa ya mbao. Ilikuwa ya moshi wa jikoni, kuni mbichi na magunzi.

"Simama."

"Tumechelewa, ndugu."

"Mogaka, simama!"

Alipanda nyuma, akafungua gunia. Masanduku manane, chapa ileile, lakini yamepakwa masizi pembeni. Alitoa siga moja, akaiviringisha karibu na sikio, kama alivyofanya kwa chai miaka tisa. Ikalia. Kavu kama makumbi.

Moshi ule aliujua. Alipofutwa kazi alilala mwezi mzima Kiptere, kwa mama yake Gibson. Yule mama alimlisha bila kumuuliza ataondoka lini. Kila kitu cha thamani aliweka darini, juu ya moto: mbegu za mahindi, mtama, hata cheti cha ubatizo. Ndiko Gibson alikoyaficha yale manane yaliyopotea, yakakauka miezi miwili, hadi alipoyabadilisha leo buchani. Na manane ya leo, mazuri, yalikuwa njiani kwenda hukohuko.

Alilifunga gunia.

"Gibson ametuuza," alisema.

Mogaka aliangalia siga, akaangalia barabara. "Mimi nageuza."

"Phanice ako huko."

"Ni dadako. Si wangu."

Pikapu iligeuka. Onyiego alijitwika gunia, akaanza kutembea kwenda Londiani kwa miguu.

SAA 11:05 JIONI

Alexander alikuwa anakunywa chai. Phanice alikaa pembeni, mikono mapajani. Macho yake yalimtazama kaka yake, yakateremka kwenye gunia, yakabaki hapo. Pua yake ilikuwa imeshajua.

Onyiego alifungua sanduku moja. Kabla ya kuingia alikuwa ameiweka juu ile siga ya kabatini, iliyokuwa mfukoni mwake.

"Achague mwenye kujua," Alexander alisema.

Vidole vya Phanice vilipita juu ya siga bila kuzigusa, vikachukua ile moja laini. Akampa. Hakumtazama kaka yake.

Alexander alikata, akawasha, akavuta. Mashavu yaliingia ndani. Moshi haukuja. Akavuta tena kwa nguvu hadi mshipa ukasimama kipajini. Kichwa cha siga kikazima.

Mvua ya mawe ilikuwa imeingia mfukoni mwa Onyiego.

Alichukua ya pili. Hiyo ililia, ikashika kama karatasi. Alikohoa, akatema.

"Hii imenyeshewa leo," alisema taratibu. "Hii ingine imekauka miezi. Hazikulala kabati moja. Mbona?"

Mwanaume mmoja alimshika Phanice shingo.

"Hiyo ya maji ndiyo ya kabati," Onyiego alisema. "Zile nzuri, Gibson ako nazo."

"Wapi?"

Onyiego akaona dari lile, na mama yake Gibson akimpakulia ugali. Mkono shingoni ukakaza, na Phanice akatoa sauti ndogo, ile aliyokuwa akitoa utotoni akiota vibaya.

"Kiptere," Onyiego alisema. "Nitawaonyesha nyumba."

SAA 12:50 JIONI

Moshi ulitoka taratibu kwenye nyasi za paa la jiko. Mama Gibson alikuja mlangoni, akifuta mikono kwa leso.

"Chamgei, Onyiego! Umepotea sana. Na hawa wageni?"

"Ni marafiki, mama."

"Basi kaa, chai iko moto. Gibson ako hapo ndani."

Gibson alikuwa kwenye ngazi ya darini. Alipomwona Alexander alishuka bila kuambiwa. Wanaume wawili wa Alexander walimshika mikono, wakampeleka nyuma ya zizi. Hakupiga kelele, mama yake alikuwa karibu.

Alexander alipanda darini, akarudi na siga. Aliiviringisha sikioni. Ikalia kidogo.

"Masaa mawili tu juu ya moto, na imeanza kufa," alisema, akaenda nyuma ya zizi kuwafuata wenzake.

Mama Gibson alimpa Onyiego kikombe. "Hizo sanduku za Gibson, zile anasema ni za dawa, za kwanza alileta zikiwa na unyevu. Mimi ndio nilimwambia aweke juu ya moto, zisioze. Nilikosea?"

"Hapana, mama."

Phanice alisimama nje ya ua, huru, akimpungia mkono watoke haraka. Nyuma ya zizi kitu kilianguka kwa kishindo, na ng'ombe wakaanza kulia.

"Mbona hunywi?" mama aliuliza. "Kunywa kwanza. Gibson anakuja."