Komeo la Kobe

Maiti ilikuwa imekaa. Ndani ya Kobe hapakuwa na nafasi ya kuanguka.

Kobe lilikuwa trekta lililovikwa mabamba ya chuma wakati wa vita vya zamani, gari la deraya la aina yake peke yake, na makumbusho ya jeshi yalilitunza katika bohari la mabati nyuma ya ofisi. Saa mbili asubuhi mfagiaji alifungua kifuniko cha juu apate kufuta vumbi, akaona kichwa chenye mvi.

Alikuwa Ribiti, mzee aliyetambua magari ya kivita kwenye picha kuukuu. Umletee picha iliyofifia, isiyo na jina wala tarehe. Angehesabu magurudumu na misumari ya ribiti, kisha akwambie ni gari gani na limetoka karakana ipi. Akiwa mbele ya gari lenyewe, alizigonga ribiti moja moja akihesabu, ko, ko, ko, mpaka watu wa ofisini wakafunga madirisha. Jina likamganda.

Inspekta aliingia mwenyewe ndani ya Kobe, akajuta papo hapo. Magoti yaligusa kidevu, joto lilikuwa la tanuri, na kifuniko kwa upande wa ndani kilikuwa bamba tupu lisilo na cha kushika. Alitoka akihema, akajifanya anatafuta kalamu.

Daktari wa polisi alisema marehemu alikuwa na pumu. Joto na uhaba wa hewa vimemmaliza jana mchana. Akainua mkono wa maiti. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka.

"Aligonga," alisema daktari. "Aligonga sana."

Mkurugenzi wa makumbusho alisikitika, akasema kifuniko kimejiangukia. Mkuu wa kituo hakuwa mtu wa kuamini bahati mbaya. Alimtaka fundi wa bohari, mkwe wa marehemu. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake, na wiki iliyopita walisikika wakigombana, maana fundi alitaka kulipaka Kobe rangi mpya na mzee akakataa katakata. Kabla ya adhuhuri fundi alikuwa mahabusu.

"Saa kumi jioni namfungulia mashtaka ya mauaji," Mkuu alimwambia Inspekta. "Kama una mwingine, mlete kabla."

Fundi alihojiwa akiwa ameinamisha kichwa.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nakula, afande. Nyuma ya ukuta wa bohari."

"Ulifunga mlango?"

"Niliacha ufunguo kwenye kufuli. Niliporudi nikafunga, nikaenda zangu."

"Nani anajua kwamba huwa unauacha?"

"Kila mtu. Ndiyo maana nimekwisha."

Binti wa marehemu alikuja kituoni kuchukua vitu vya baba yake. Hakujua amlilie baba kwanza au mume, basi hakulia kabisa. Alifungua kasha la miwani, akavuta karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nne.

"Dada, hii ndiyo kazi yake ya mwisho," alimwambia Inspekta.

Akaeleza. Mzee alikuwa akilaza karatasi ya kupitisha mwanga juu ya picha, anafuatisha chuma kwa penseli na kuwaacha watu, kwa sababu nyuso zilimvuruga. Kisha anaificha kwenye kasha la miwani aende nayo nyumbani. Ofisini hakuna aliyejua. Ofisini walimwuliza majibu tu.

Mchoro ulikuwa wa Kobe. Pembeni kulikuwa na maandishi madogo: *Taa nzima. Rangi nzima. Bado halijaungua. Komeo liko nje, futi mbili, ncha imepinda.* Na juu ya komeo palikuwa na mkono wa kushoto wenye vidole vitatu.

"Baba hajawahi kuchora mtu," alisema binti.

Inspekta aliujua mkono ule. Kila aliyewahi kupelekwa makumbusho na shule aliujua. Ukumbini ilining'inia picha kubwa ya baba yake Mkurugenzi, shujaa aliyelitengeneza Kobe. Maelezo yalisema alipoteza vidole viwili akijaribu kufungua kifuniko kilichokwama, wenzake wanne wakiungua ndani. Mtaimbo alioutumia ulikuwa kwenye kabati la kioo, umelazwa juu ya kitambaa chekundu.

Saa tisa na nusu Inspekta alimwita Mkurugenzi boharini. Inspekta alikuwa amevaa glavu, na mkononi alishika ule mtaimbo. Pembeni mwa kifuniko zilikuwepo pete mbili zenye kutu, zilizokwaruzwa upya kwa ndani. Alipitisha chuma. Kiliingia bila ubishi, na ncha iliyopinda ikakaa mahali pake.

"Huu si mtaimbo," alisema. "Ni komeo. Kifuniko hakikukwama. Wale wanne walifungiwa wasije wakatoroka vita. Na vidole vya baba yako vilishakatika kabla gari halijaungua. Picha aliyoifuatisha mzee iko wapi?"

Mkurugenzi alilitazama komeo.

"Nimeichoma."

Picha ililetwa na familia ya mpiga picha wa zamani, akasimulia, na yeye mwenyewe ndiye aliyempa Ribiti. Mzee alimrudia jana kwa heshima zote, akasema maelezo ya ukumbini yabadilishwe, kwa kuwa watoto wa wale wanne wapo hai na kila mwaka wanakuja kumshukuru muuaji wa baba zao. Mkurugenzi akachukua komeo, akamwomba waende kuhakikisha. Ribiti alivua koti lenye dawa yake ya pumu, akaingia ndani kumwonyesha kwamba hakuna cha kushika.

"Alipogonga alisema nini?" Inspekta aliuliza.

"Kwamba hatasema kitu. Nifungulie tu, mwanangu."

"Hukumwamini?"

"Nilimwamini. Tangu nizaliwe mimi ni mtoto wa shujaa, afande. Sijui kuwa mtu mwingine. Nilikaa pale juu ya kifuniko. Kufungua sikuweza, kuondoka sikuweza. Mpaka akanyamaza."

Saa kumi kasoro dakika tano fundi alitolewa mahabusu. Alirudishiwa mkanda na viatu, akatia sahihi, lakini hakuondoka kwenye kaunta.

"Kuna kitu sikukwambia, afande," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nikiwa nakula nilisikia chuma kinagongwa. Ko, ko, ko. Nikadhani anahesabu."

Mkewe alikuwa ameshamfungulia mlango, anamsubiri.