Hodi ya Mguuni

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata shoga yangu, fundi cherehani, na yeye si mtu wa porojo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelegea, akapandikizwa kidude chini ya ngozi ya ugoko, kinachoshtua misuli kwa umeme. Hakina betri. Umeme hukifikia bila waya, kutoka kwenye mkanda unaofungwa juu yake.

Mkanda aliutengeneza kaka yake wa tumbo moja. Mchana wa siku ya tukio, shoga yangu alimpelekea mkanda karakanani auongeze nguvu, ufanye kazi hata kwa mbali.

"Usije ukanifanyia majaribio kimyakimya," alimwonya.

"Dada, mguu wako, ruhusa yako. Bila mkanda, kidude kimelala fofofo."

Akamwachia mkanda, akarudi dukani kwake. Mvua ikashuka, umeme ukakatika, giza likameza hadi vitambaa. Ndipo akasikia cherehani yake inashona. Mguu ule ule mbovu ulikuwa unakanyaga pedali: mbili za haraka, kimya, moja nzito. Ndivyo kaka yake abishavyo hodi, tangu utotoni.

Akampigia simu, analia kwa hasira. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Umenigeuza panya wako wa majaribio?"

Kaka akakiri: "Nilikijaribu juzi, ulipolala kwangu. Nisamehe. Lakini leo, haki ya Mungu, mkanda uko vipande vipande mezani."

"Na huyo ninayemsikia akikanyaga sakafu hapo kwako ni nani?"

"Niko peke yangu, dada."

Nyuma ya sauti yake, simuni, hodi zilisikika tena: mbili za haraka, kimya, moja nzito.