Chai Nusu Kikombe

Kila asubuhi Akeyo alimmiminia mumewe chai nusu kikombe. Hakuwa mchoyo. Kikombe kingejaa, Makhanu angeimwaga chai mezani, maana mikono yake ilitetemeka mpaka afike kazini.

Makhanu alichimba udongo mweupe karibu na Kariandusi. Vumbi la udongo huo hukaba koo. Kwa hiyo wachimbaji walikuwa na desturi yao. Kabla ya kushika sururu, kila mmoja alikunywa kifuniko kimoja cha chang'aa, pombe kali ya kienyeji. "Tunaosha vumbi," walisema. Kwa Makhanu, kifuniko kilizaa chupa, na chupa ikazaa nyingine. Alikunywa hivyo kila siku kwa miaka mingi.

Jumapili moja alisimama kanisani akaahidi kuacha. Jonah, kaka yake, alikuwa mzee wa kanisa. Alimpeleka nyumbani, akamfungia chumbani na mtungi wa maji.

"Atatetemeka," Jonah alimwambia Akeyo. "Usiogope, shemeji. Hiyo ni pombe inatoka. Akitetemeka sana, mshukuru Mungu sana."

Jumatatu Makhanu alitetemeka, akatapika, akatoka jasho mpaka shati likalowa. Jonah aliimba nje ya mlango. Jumanne asubuhi Akeyo alisikia makofi yakipigwa ukutani.

"Akeyo! Toa hizi siafu!"

"Siafu gani, Baba Natasha?" Akeyo alimuuliza mumewe.

"Hizi! Zimejaa ukuta mzima!"

Akeyo alichungulia dirishani. Ukuta ulikuwa mtupu.

"Haleluya," Jonah alisema. "Imebaki kidogo tu."

Mtu anayepona, Akeyo aliwaza, haoni siafu zisizokuwapo. Alivuka ua akamwita jirani yake Chelagat, mhudumu wa afya ya jamii.

Chelagat alidai mlango ufunguliwe. Alimshika Makhanu kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo ya moyo.

"Nani amemfungia huyu?"

"Ni mimi," Jonah alijibu. "Tunamwombea."

"Mwombeeni njiani. Anaweza kupata kifafa hapa akafa. Tafuteni gari. Boda itamwangusha."

Walimfikisha hospitalini Gilgil. Daktari Kipsang alimchoma sindano ya dawa ya kutuliza, na nyingine ya vitamini. Makhanu akaacha kupigana na siafu, akalala. Wauguzi walirudi mara kwa mara kutazama anavyopumua.

Jonah hakuridhika. "Daktari, hiyo dawa si inalewesha? Mnamtoa kwenye chupa, mnamtia kwenye sindano?"

"Swali lako ni zuri, mzee. Watu wawili wakisukuma mlango, kila mmoja upande wake, halafu mmoja aondoke ghafla, mwenzake atakuwaje?"

"Ataanguka kifudifudi."

"Basi. Pombe imeusukuma ubongo wake kila siku, na ubongo umejifunza kusukuma pia. Mmeondoa pombe ghafla, ubongo umeanguka. Ndiyo hiyo mitetemo, siafu, hata kifafa. Dawa hii, diazepam, inashikilia mlango. Tunaipunguza kila siku mpaka ubongo usimame wenyewe. Kisha tunaiacha kabisa. Akiitumia muda mrefu ataizoea, kwa hiyo hatumpi muda mrefu."

"Na tungemwacha pale chumbani?"

"Wengine hupona. Wengine hufa. Huwezi kujua mapema wako ni yupi."

Jonah aliketi kwenye benchi, hakuimba tena.

Makhanu alipopata nafuu, aliruhusiwa kwenda nyumbani na tembe chache za mwisho za dawa hiyo. Daktari alizikabidhi kwa Akeyo, si kwa Makhanu.

"Wewe ndiye utampa. Akisinzia hata kumwamsha ni kazi, usimpe nyingine, mlete hapa. Asiendeshe pikipiki. Na pombe asionje. Dawa hii ikikutana na pombe, mtu anaweza kuacha kupumua."

Kesho yake alifika Mburu, mchimbaji mwenzake Makhanu, na chupa ya soda isiyokuwa na soda.

"Niaje, mathe! Nimeletea mgonjwa ya kuosha vumbi. Kifuniko tu."

Akeyo aliipokea chupa, akaimwaga uani.

"Aii! Si ungenirudishia?" Mburu aliitazama ardhi iliyolowa. Kisha akateremsha sauti. "Basi nipatie tembe mbili za zile alizopewa hospitalini. Mimi pia hutetemeka asubuhi. Nataka kuacha."

"Hapana. Hizi zimepimiwa yeye. Na wewe usiache ghafla ukiwa peke yako."

Mburu alicheka. "Mke wa mlokole ananiambia nisiache pombe!"

"Nakwambia usiache bila daktari."

Tembe zilipokwisha, Makhanu hakupewa nyingine. Hamu ya pombe haikwisha. Ilimjia hasa alipokaribia machimbo, na kwa hiyo alirudi hospitalini kila wiki kuzungumza na mshauri. Kazini alianza kuvaa barakoa. Vumbi lilizuiwa na barakoa. Chang'aa haikuwa imewahi kulizuia.

Asubuhi moja gari lilisimama nje. Jonah aliingia kuwasalimu. Ndani ya gari alikuwa Mburu, amekunja mikono kwapani ili isionekane.

"Nampeleka Gilgil," Jonah alisema. "Tutaomba njiani."

Akeyo alikuwa akimimina chai ya mumewe. Kikombe kilifika nusu. Akaendelea kumimina mpaka chai ikagusa ukingo.

Makhanu alikitazama. "Leo umesahau?"

"Sijasahau. Inua."

Makhanu aliinua kikombe kwa mkono mmoja, akanywa, akakirudisha. Meza ilikuwa kavu.